Fast & Furious imebaki na mafuta ya kufika wapi? Hesabu ya muvi iliyotulea Eastlands

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi wangu pale Umoja nikingoja zamu yangu, na ngori ikaanza. Msee mmoja alikuwa kwa kiti, kichwa nusu kimenyolewa, akasema Fast & Furious imeisha, saa hii ni wazee wanajilazimisha tu. Kinyozi akazima mashine. Ukiona amezima mashine, jua amechukia.

"Buda, muvi imeingiza dola milioni mia saba unasema imeisha? Wewe ushawahi kuona dola mia saba, hata bila hiyo milioni?"

Watu wakacheka na mjadala ukaishia hapo, juu mtaani mwenye amechekesha ndiye ameshinda. Lakini mimi nilitoka pale hiyo namba ikinisumbua. Milioni 700 ni doo kweli. Swali ni kama ni doo ya kutosha, na hilo ni swali tofauti kabisa. Na si swali la Hollywood peke yake, juu hii ndiyo muvi iliyochora mathree zetu, ikafunza vijana kuongea kuhusu injini, na ikalipa rent ya wasee wengi walioiuza mtaani, mimi nikiwemo.

Kwa hivyo keti. Tupige hesabu.

Anza na nganya

Chukua nganya ya 58 ya Buruburu. Tuseme siku moja imekusanya thao 20. Makanga akikuambia "leo tumepiga ishirini", hajakudanganya. Lakini hiyo si doo ya mwenye gari. Kuna mafuta. Kuna sacco. Kuna dere na makanga wenyewe. Kuna wasee wa steji, na kuna zile za barabarani ambazo mimi na wewe tunazijua. Halafu kuna mkopo wa gari. Kama nganya ilijengwa kwa mamilioni, na grafiti na skrini na muziki wa kutingisha madirisha ya keja za watu, hiyo 20 inaweza kuwa hasara. Na kuna mathree moja mzee bila hata redio, imekusanya thao 10 pekee, na mwenyewe analala fiti.

Muvi ni vile vile. Ukisoma mahali kwamba filamu "imeingiza" milioni 700, hiyo ni ile doo watu walilipa dirishani, dunia nzima. Mwenye ukumbi wa sinema anakata yake kwanza. Marekani, studio hubaki na karibu nusu. Nchi zingine nyingi, hubaki na karibu asilimia 40. China ndiyo ngumu zaidi, studio ya nje hupata asilimia 25 tu. Baada ya hapo toa doo ya kutengeneza filamu. Halafu toa ya matangazo, ambayo kwa muvi kubwa ya saizi hii inaweza kupita dola milioni 100.

Ndiyo maana watu wa hiyo biashara hutumia kanuni ya haraka: filamu inafaa iingize karibu mara mbili na nusu ya bajeti yake ndio ianze kupumua kwa kumbi. Chini ya hapo, inategemea doo ya baadaye, ya kuuzwa kwa TV na kwa intaneti. Shika hiyo namba, mbili na nusu. Tutaitumia.

Vile ilianza

Filamu ya kwanza ilitoka Juni 2001. Wazo lilitoka kwa makala ya Ken Li kwa jarida la Vibe, ya 1998, kuhusu vijana wa New York waliokuwa wakishindana usiku na magari ya Kijapani. Studio ya Universal iliitengeneza kwa dola milioni 38, ikaingiza kama milioni 207. Gawanya: kila dola moja ilirudi kama dola tano na nusu. Hiyo ni biashara ya kutajirisha mtu, na hadithi yenyewe ilikuwa polisi mmoja, mwizi mmoja, na mzigo wa DVD player. Ndio, walikuwa wanaiba DVD player. Sisi hapa tungewauzia za kutia ndani.

Ya pili, 2003, haikuwa na Vin Diesel na bado ikaingiza milioni 236. Halafu 2006 ikaja Tokyo Drift, na hapo mambo yakawa mabaya. Bajeti milioni 85, mapato milioni 159. Hata mara mbili haikufika. Kama ni mgonjwa, hapo ndipo familia ilianza kuitana. Diesel alikubali kutokea dakika chache mwishoni, na malipo yake yakawa haki za mhusika wake mwingine, Riddick. Hiyo sekunde ya mwisho ndiyo ilifungua mlango tena.

2009 wakarudisha kikosi cha kwanza, ikaingiza milioni 360. 2011 wakafanya Fast ya tano kule Brazil, wakaleta Dwayne Johnson, wakaacha mambo ya kushindana barabarani wakaingia wizi mkubwa wa sefu. Bajeti 125, mapato 626. Mara tano tena. Ya sita, 2013, ikafika milioni 788.

Halafu Novemba 30, 2013, Paul Walker akafariki kwa ajali ya gari. Ya saba ilikuwa katikati ya kutengenezwa. Walipoimaliza na kuitoa 2015, dunia nzima ilikuja kumuaga. Bilioni 1.5 kwa bajeti ya milioni 190. Mara nane. Hakuna wakati mwingine huu mfululizo umewahi kugusa hapo, na ukiniuliza, hautawahi.

Ya nane, 2017, ilifungua na zaidi ya milioni 530 dunia nzima kwa wikendi moja, rekodi ya wakati huo, ikamaliza na bilioni 1.2. Kutoka hapo, angalia ngazi vile inashuka. Hobbs & Shaw ya 2019, milioni 760. F9 ya 2021, milioni 726. Fast X ya 2023, kitu kama milioni 704.

Kinyozi angesema, "Lakini zote ni zaidi ya milioni mia saba!" Ni kweli. Sasa weka bajeti. Fast X iliripotiwa kugharimu karibu milioni 340. Gawanya. Inatoka mara mbili na kidogo. Yaani iko karibu na Tokyo Drift kuliko iko karibu na ya tano. Ni nganya iliyojengwa kwa doo ndefu, na imerudisha kukusanya thao 20 ikiwa na mkopo wa kulipa.

Tushuke chini zaidi. Marekani iliingiza kama milioni 146, studio inabaki na 73. China kama milioni 140, inabaki na 35. Kwingine kote kama milioni 418, inabaki na 167 hivi. Jumla ni 275. Gari ilijengwa na 340, na hatujataja hata bango moja la tangazo. Hizi ni hesabu za vidole, lakini hata ukizivuta upande wa studio, bado hazifiki.

Namba moja ya kukutisha

Filamu ya kwanza, 2001, iliingiza Marekani pekee karibu milioni 144.5. Fast X, 2023, iliingiza Marekani karibu milioni 146. Soma tena. Baada ya miaka 22, filamu kumi za familia na Hobbs & Shaw ya pembeni, mapato ya nyumbani ni yale yale.

Lakini tiketi si ile ile. Mwaka 2001 tiketi ya wastani Marekani ilikuwa chini ya dola 6. Mwaka 2023 ilikuwa zaidi ya dola 10. Kwa hivyo doo ni sawa lakini watu ni karibu nusu. Hiyo ndiyo vitu jumla kubwa huficha. Ni kama mama mboga anayekuambia bado anauza sukuma ya thao mbili kwa siku kama 2015. Muulize ni mafungu mangapi.

Kwa miaka mingi hilo shimo la Marekani lilizibwa na China. Ya saba na ya nane ziliingiza huko karibu milioni 390 kila moja. F9 ikashuka hadi kama 216, na Fast X kama 140. China imejifunza kutengeneza muvi zake kubwa, na watazamaji wake wanalipia hizo. Na kumbuka, hata wakati ilikuwa inawaka, studio ilikuwa inapata robo tu.

Kuna wenye watasema ni corona. Kwa F9 nakubali, 2021 kumbi nyingi zilikuwa zimefungwa ama ziko nusu. Lakini 2023 hakuna kisingizio. Mwaka huo huo, The Super Mario Bros. Movie iliingiza zaidi ya bilioni 1.3 kwa bajeti ya kama milioni 100. Oppenheimer, saa tatu za wanasayansi wakiongea, ikapita milioni 950 kwa bajeti kama hiyo. Na hapa ndipo panauma: zote mbili ni za Universal. Mdosi ni mmoja. Akikaa na vitabu vyake, anaona doo aliyoweka kwa Fast X ingetengeneza filamu tatu kama hizo na chenji ibaki. Muvi haishindani na jina lake la zamani. Inashindana na mahali pengine hiyo doo ingeenda.

Mambo niliona nikiwa dukani

Nilitoka koleji mwaka wa pili karo ilipokwama. Kitu pekee nilitoka nacho ni darasa la uhasibu, na hilo ndilo unasoma hapa. 2019 nikapata kazi kwa duka moja la muvi Kayole. Wacha nisijifanye mtakatifu. Ilikuwa kazi ya kuiba. Finje kwa DVD, na baadaye watu walipoacha DVD, mbao kwa kila muvi nikikuwekea kwa flashi. Msako wa Kecobo ukisikika, mlango unafungwa, tunakuwa duka la chaja za simu. Hakuna shilingi hata moja kati ya zile iliwahi kufika kwa Universal, wala kwa hesabu za mtu yeyote.

Na bado, sijui mahali kwingine ungeisoma afya ya hii muvi vizuri kama pale.

Mzee wangu alikuwa akituambia kuhusu Fox Drive-In ya Thika Road, vile watu walijaa kwa magari. Kizazi changu hakina hiyo. Kumbi zilizobaki ziko kwa moli, na ukitoka Dandora na mtoto, hesabu fare, tiketi mbili na popukoni, hiyo ni shopingi ya wiki. Kwa hivyo sisi tulionea Fast kwa vibanda vya video, ma-benchi ya mbao na pazia nyeusi mlangoni, na kwa madijei wa muvi. Wasee wa aina ya DJ Afro ndio walifunza mtaa kwamba muvi ya Kizungu ama ya Kihindi inaweza kuongea lugha yetu. Unamaliza muvi na humjui mwigizaji kwa jina lake, unamjua kwa jina alilopewa na dijei.

Sasa, dukani. F9 ilipotoka 2021, wasee walikuja siku hiyo hiyo. Kopi ilikuwa mbaya, imepigwa na kamera ukumbini, kichwa cha mtu kinapita mbele ya Vin Diesel. Walichukua tu. Hakuna aliyejali.

Fast X ilipotoka 2023, watu pia walikuja. Lakini waliuliza swali ambalo sikuwa nimezoea kusikia kwa Fast: "Iko safi?" Nikisema bado, wanasema, "Sawa, nitapitia ikikuwa safi." Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Mtu anayeweza kungoja ni mtu ambaye tayari amepoa. Ukipenda kitu kweli, hungoji kiwe safi.

Upande wa pili, Desemba. Watu wanaenda shags, wanaleta flashi tupu wanasema jaza. Hapo ndipo ulikuwa unajua muvi gani ina maisha marefu. Kila Desemba niliombwa ya tano, ya saba, na Tokyo Drift. Ndio, ile ile iliyoanguka. Juu ya magari. Sikumbuki mtu akiniomba ya tisa mara ya pili.

Hizo ni data za duka moja, sizifanyi sensa. Lakini zinaongea lugha moja na namba za Marekani: mapenzi ya zamani yako imara, haraka ya kuona mpya ndiyo imeisha.

Je, inakufa?

Hapana, na hapa nampa kinyozi wangu haki yake. Tiketi si mfuko pekee. Hizi filamu huuzwa kwa TV na kwa intaneti kila mwaka, zote, na za zamani zilishalipa gharama zake kitambo. Kulikuwa na katuni yake Netflix, Spy Racers. Universal pia ina bustani za michezo, na rollercoaster ya Fast & Furious kule Hollywood ilitangazwa kufunguliwa 2026. Hakuna mtu hujengea maiti kitu kama hicho. Jina lina thamani. Kinachoumwa ni njia ya kutengeneza filamu mpya.

Na ugonjwa wenyewe unajulikana. Kila sehemu ilibidi iwe kubwa kuliko iliyopita. Kutoka DVD player hadi sefu, kutoka sefu hadi nyambizi, kutoka nyambizi hadi gari angani. Kila nyota anayerudi anarudi na bei mpya. Fast X ilibadilisha mwongozaji siku chache baada ya kuanza kupiga picha 2022, Justin Lin akatoka, Louis Leterrier akaingia, na kikosi kizima kikibaki hapo kikilipwa. Bajeti ilipanda hadi ikafika mahali ambapo milioni 700 inaonekana hasara. Fikiria hilo.

Studio inajua. Sehemu ya mwisho ilikuwa itoke Aprili 2025, na Aprili hiyo ilipita hivi hivi. Juni 2025 Vin Diesel alisimama mbele ya mashabiki akasema studio inaitaka Aprili 2027, na kwamba yeye alitoa masharti matatu: irudi Los Angeles, irudi kwa mambo ya magari na mashindano ya barabarani, na Dom na Brian wakutane tena. Watu walishika hilo la Brian, na naelewa. Lakini soma hayo mawili ya kwanza kama mhasibu. Kurudi nyumbani na kurudi barabarani ni njia tamu ya kusema tupunguze matumizi.

Na ingelipa. Tuseme waitengeneze kwa milioni 200 na iingize 600, chini ya Fast X. Kwa mgao wa karibu asilimia 40, studio inabaki na 240. Hapo imerudisha bajeti yote, na doo ya TV na intaneti inakuja kulipa matangazo na faida. Filamu ndogo yenye watu wachache ina afya kuliko kubwa yenye watu wengi. Mwenye nganya yeyote Donholm atakuambia hivyo.

Kama ingekuwa ni mimi nashika kalamu, ningesema moyo uko sawa, presha iko juu, apunguze chumvi. Asipopunguza, sehemu ya mwisho itakuwa ya mwisho kweli, na si kwa kupenda.

Na sisi?

Mapenzi ya magari hayajaisha. Tangu Safari Rally irudi kwa mashindano ya dunia 2021, kila mwaka angalia vile vijana wa Subaru wanajaza barabara ya Naivasha. Hiyo ni hadhira iko tayari, na muvi yake bado haijatengenezwa.

Nairobi Half Life ilitoka 2012. Hadithi ya kijana anayekuja mjini na kuishia kuiba sehemu za magari. Ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania Oscar. Angalia vizuri: vijana, wizi, magari, familia ya mtaani. Ni mbegu ile ile Universal ilipanda 2001 kwa milioni 38 ikavuna mabilioni. Sisi mpaka leo hatujaona sehemu ya pili. Na sehemu ya lawama ni yetu, juu sisi tulionunua kwa finje, na mimi niliyeuza, hatukuacha nyuma risiti yoyote ya kumwonyesha mwenye doo kwamba tuko wengi hivi.

Lile duka la Kayole siku hizi ni la PS. Watoto wanalipa mchezo kwa mchezo. Skrini ya kona imewekwa mchezo wa magari, na Jumamosi hiyo baada ya kunyolewa nilipitia pale. Dogo wa kama miaka kumi alikuwa anaendesha Nissan Skyline ya buluu. Nikamuuliza kama anajua hiyo ni gari ya nani.

Akasema, "Ni ya yule msee wa kwa mathree."

Paul Walker. Anamjua kutoka kwa mgongo wa nganya. Muvi yenyewe hajawahi kuiona.